Sura ya 6: Intaneti Ikisuasua, Anza na Waya

Mwanafunzi anakatikiwa na simu ya video katikati ya somo. Bibi anafungua picha za wajukuu akiwa sebuleni, akiingia chumbani zinagoma. Fundi cherehani anataka kuchapa risiti, kompyuta inamwambia printa haionekani. Wote watatu watasema mtandao ni mbovu, na mwenye uwezo kati yao atapandisha kifurushi. Mwisho wa mwezi bili imeongezeka na tatizo liko palepale, kwa sababu matatizo hayo matatu hayana asili moja, na kifurushi kikubwa hakigusi mzizi wa lolote kati yake. Nimeandika sura hii kwa ajili ya watu hawa, ambao wanalipia kasi na hawaioni.

Tuanze na njia yenyewe. Ukiwa Tabata au Nyali ukafungua ukurasa uliohifadhiwa Ulaya, data hutoka kwenye seva ya huko, hupita kebo ya baharini, huingia kwa mtoa huduma wako, hufika kwenye ruta kwa faiba au kupitia mnara wa simu, kisha huruka hewani hadi kwenye laptopu. Lawama nyingi huelekezwa mbali, baharini au kwa mtoa huduma. Bahari ina siku zake kweli. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu kwa wakati mmoja, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko wakashinda siku kadhaa na intaneti ya kubembeleza. Lakini hitilafu ya aina hiyo haijifichi: jirani analalamika, ofisi zinalalamika, redio inatangaza. Kama ni nyumba yako peke yake inayosuasua, iache bahari.

Kuna jambo moja tu la baharini la kulikumbuka muda wote. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, inakula milisekunde 100 kabla mtambo wowote haujaongeza ucheleweshaji wake. Hakuna kifurushi kinachoweza kufuta muda huo. Mchezo wa mtandaoni wenye seva Ulaya utachelewa kidogo hata ukiwa na faiba nzuri kuliko zote mtaani, na kumlaumu mtu hapo ni kumwonea.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwenye mita kumi kati ya ruta na kitanda. Hapo ndipo kasi nyingi hupotelea. Fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa kufungua mipangilio ya ruta. Humwambia mwenye nyumba, “Mama, naomba tuchomeke waya kwanza tuone,” akaunganisha laptopu na ruta moja kwa moja, akazima waifai ya laptopu, akaomba simu na televisheni za nyumbani ziache kutumia mtandao kwa dakika chache, ndipo akapima kasi. Jibu la kipimo hicho linaigawa kazi yote mara mbili. Kwa waya kasi ikiwa sawasawa na uliyolipia, mtoa huduma hana kosa na tatizo liko hewani au ndani ya kompyuta. Kasi ikiwa duni hata kwa waya, shida iko kwenye ruta au nje ya nyumba. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina tundu la waya wa mtandao. Adapta ya kuchomeka kwenye USB inatosha, na kwa nyumba inayotegemea intaneti ni afadhali kuinunua hiyo kabla ya ruta mpya.

Ukisoma matokeo, angalia kizio. Watoa huduma huuza megabiti kwa sekunde, ilhali kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 akiona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde amepata haki yake yote. Nimeona watu wazima wakigombana na huduma kwa wateja kwa sababu ya hesabu hii, nao wahudumu hawakuwaeleza.

Waya wenyewe nao unahitaji kukaguliwa. Shika plagi yake uielekeze kwenye mwanga: ndani ya plastiki utaona nyaya nane zimejipanga, jozi nne za machungwa, kijani, bluu na kahawia, kila jozi ikiwa na waya mmoja wa rangi kamili na mwenzake wenye mstari mweupe. Mawasiliano ya megabiti 100 yanatumia jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Megabiti 1,000 zinadai zote nne. Kwa hiyo jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, tuseme mguu wa kiti umeukanyaga waya mwaka mzima, taa ya ruta itaendelea kuwaka, intaneti itafunguka, na mara nyingi vifaa vitashuka kimyakimya hadi megabiti 100. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 hataona tofauti. Mwenye kifurushi cha 200 anapoteza nusu, naye anaweza kuishi hivyo miaka. Dawa ni rahisi: fungua mipangilio ya mtandao ya kompyuta uangalie kasi ya kiungo, ikisoma 100 badala ya 1,000, badilisha waya kwanza upime tena.

Kipimo cha waya kikiwa kizuri, mshukiwa anayefuata ni hewa. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza yanafika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini bendi yake ni finyu na imejaa watu: Bluetooth iko humo, tanuri la maikrowevu linavujishia humo, na ruta za majirani wote ziko humo. Chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa lenye ruta ishirini, hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini saa mbili usiku kila kitu kinakwama. Waifai hufanya kazi kama baraza ambamo mmoja tu huzungumza kwa zamu. Simu ya zamani iliyo mbali, inayozungumza polepole na kurudia maneno, inawacheleweshea zamu hata wale walio karibu na wenye kasi. Ndiyo maana kuhamishia televisheni na kompyuta kwenye gigahezi 5, au kwenye waya, huwasaidia pia walioachwa kwenye 2.4.

Kuta zetu nazo zina neno. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zina kuta nene kiasi kwamba gigahezi 5 haivuki vyumba viwili. Zege lenye nondo linazuia, bati linarudisha mawimbi, na tangi la maji linayameza. Halafu ruta yenyewe tunaifungia ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya kioo na chuma, kwa sababu haipendezi machoni. Itoe. Iweke juu, wazi, katikati ya wanaoitumia. Kujua kama hewa ndiyo yenye kosa, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta uandike ping, kisha anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hapo hujagusa intaneti kabisa, unaongea na kisanduku kilicho ndani ya nyumba yako. Majibu yakirudi kwa milisekunde mbili tatu, hewa ni safi. Yakirukaruka, mara 4, mara 180, mara yakipotea, umempata mhalifu, wala mtoa huduma hahusiki.

Kuna chanzo kingine cha hewa chafu ambacho wengi hawakidhanii: kifaa ulichochomeka kwenye kompyuta. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Unachomeka diski ya nje, unaanza kunakili filamu, na papo hapo kipanya kisichotumia waya kinaanza kugomagoma na waifai inashuka. Ukimaliza kunakili, kila kitu kinatulia. Mtu asiyejua ataapa kwamba laptopu ina virusi. Sogeza diski mbali na upande kilipo kipokezi cha kipanya, ikiwezekana kwa waya wa kurefusha. Tumia waya wa diski ulio imara na mfupi. Hamishia laptopu kwenye gigahezi 5. Jambo hili linanifurahisha kila ninapolieleza, kwa sababu tatizo lililoonekana la kichawi linakwisha kwa kuhamisha kitu sentimita thelathini.

Nyaya za USB zenyewe zinadanganya kwa umbo. Nyingi za bei nafuu ni za kuchaji tu, hazina kabisa nyaya za data ndani yake. Simu itaonyesha inachaji, kompyuta haitaiona hata ukiiwasha upya. Na hata waya wenye data ukiwa sawa, simu ya Android kwa kawaida husubiri uiambie, kwenye skrini yake, kwamba unataka kuhamisha faili. Waya wa USB-C pia unaweza kuwa wa kasi ya USB 2.0 tu, megabiti 480, ingawa tundu lina uwezo wa mara kumi au zaidi. Faili moja lililozidi gigabaiti 4 likikataliwa na flashi yenye nafasi tele, flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32. Ipange upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, kwani upangaji hufuta kila kitu.

Printa ya fundi cherehani haikupotea. Ruta hugawa anwani kwa vifaa, na umeme ukikatika ukarudi inaweza kuipa printa anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye ile ya jana. Ingia kwenye ruta uihifadhie printa anwani moja ya kudumu, kisha iongeze upya kwenye kompyuta kwa anwani hiyo. Pale umeme unapokatika kila wiki, hii ni kazi ya mara moja inayookoa kero nyingi.

Kuhusu mwanafunzi anayekatikiwa, kipimo cha kasi kinaweza kuwa kizuri kabisa na somo likaendelea kukatika. Hapa kosa huwa ni foleni. Simu ya mtu mmoja nyumbani inaanza kupakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia, ambayo kwa vifurushi vingi ni nyembamba kuliko ya kupakua, inajaa. Na ruta, badala ya kukataa data iliyozidi, inairundika kwenye kumbukumbu yake. Sauti ya mwanafunzi inasubiri nyuma ya rundo hilo. Mhandisi Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia mwishoni mwa 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa mbinu ya CoDel ya kuzuia foleni isirefuke. Ruta yako ikiwa na mpangilio wa kusimamia foleni, uwashe, ukiweka kikomo chini kidogo ya kasi uliyopima kwa waya. Isipokuwa nao, pangia hifadhi ya picha ifanye kazi usiku wa manane. Uthibitisho ni uleule wa ping, safari hii kwa 8.8.8.8, anwani iliyo nje kwenye intaneti: ipime nyumba ikiwa kimya, kisha mtu mmoja akipakia video kubwa. Ikitoka milisekunde 30 ikafika 900, foleni ndiyo hiyo.

Yakibaki matatizo ya nje ya nyumba, angalia kwanza vinavyoonekana. Waya wa faiba uliokunjwa kwa nguvu kwenye kona ya mlango unavujisha mwanga. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS inasema mwanga haufiki. Kwa ruta ya laini ya simu, ukurasa wake wa hali huonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara, RSRP: karibu na -80 ni nzuri, ikielekea -110 isogeze dirishani au ghorofa ya juu upime tena. Kisha piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na karatasi mkononi: kasi kwa waya asubuhi na kasi kwa waya saa mbili usiku, ping ya ruta, ping ya 8.8.8.8, na rangi za taa. Mhudumu atakuambia uzime ruta na kuiwasha. Mwambie umeshafanya hivyo, msomee namba zako, na umwombe afungue tiketi kwa mafundi wa laini, akupe na namba ya tiketi hiyo.