Manahodha Maelfu na Chombo Kisiende Mrama

Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufasiriwa maneno hayo. Lakini uko mji mmoja Marekani ambako kila mwaka, mwishoni mwa Julai, manahodha kwa maelfu hukutana, kila mmoja ameshika usukani wake, na mambo yasiende mrama. Mji huo ni Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, na manahodha wenyewe ni wa angani.

Asili yake ni chama cha EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953 mjini Milwaukee na Paul Poberezny pamoja na wenzake, watu waliopenda kujiundia ndege kwa mikono yao. Mkutano wao wa kwanza ulikuwa mdogo. Mwaka 1970 wakauhamishia Oshkosh, na leo zaidi ya ndege 10,000 huteremka uwanjani hapo na viwanja vya jirani katika muda wa juma moja tu. Nyingi ni ndege ndogo, za injini moja, zenye kuchukua watu wawili au wanne.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Uwanja hufungwa usiku, na alasiri hufungwa tena kwa ajili ya maonyesho ya michezo ya hewani. Saa zinazobaki ni chache na wageni ni wengi. Wataingiaje bila kugongana?

Jawabu ni utaratibu, nao umeandikwa katika ilani ya kurasa zipatazo 30 ambayo kila rubani hutakiwa aisome kabla hajaondoka kwao. Huanzia juu ya mji mdogo wa Ripon. Hapo ndege hujipanga msururu mmoja, moja nyuma ya nyingine, nafasi ya nusu maili baina yao, na kuifuata reli mpaka kijiji kiitwacho Fisk. Kimo ni futi 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwendo ni maili za baharini 90 kwa saa. Ndege zisizoweza kwenda polepole hivyo hupita juu zaidi, futi 2,300, kwa mwendo wa maili 135. Kumpita mwenzio ni marufuku. Kupinda huku na huku ili upunguze mwendo nako ni marufuku. Ukimkaribia mno aliye mbele yako, toka mstarini, urudi Ripon, ukaanze upya.

Pale Fisk ndipo penye ajabu yenyewe. Waongozaji wa ndege husimama nje, wamevaa fulana za rangi ya waridi, darubini machoni. Hawamwiti rubani kwa jina wala kwa nambari ya ndege yake, bali kwa rangi na umbo: wewe mweupe mwenye mbawa juu, wewe mwekundu mwenye mbawa chini, tikisa mbawa. Na rubani hajibu kwa kinywa. Huyumbisha mbawa zake, na hilo ndilo jibu lake. Kwani wote wanasikiliza redio moja, na lau kila mmoja angesema "nimesikia, bwana", wa nyuma angeikosa amri yake.

Kutoka hapo huambiwa barabara ya kutulia. Juu ya barabara hizo yamepakwa madoa makubwa ya rangi, na mnara humwambia huyu atue kwenye doa la kijani, yule kwenye la rangi ya chungwa. Hivyo ndege mbili au tatu huweza kuwa kwenye barabara moja kwa wakati mmoja.

Na siku ambayo adabu hupungua, hatari huonekana. Julai 2018 hali ya hewa iliharibika mwisho wa juma, na waliokuwa wakingoja katika viwanja vya mbali wakaja wote kwa pamoja siku ya Jumapili. Ndege zikawa zinazunguka juu ya maziwa ya Rush na Green zikingoja zamu. Wako walioona hawawezi kungoja, wakajipenyeza mstarini kwa ubavuni badala ya kuanzia Ripon. Waliokuwa wamepanga foleni wakalazimika kukwepa. Miaka iliyofuata wakuu waliongeza vituo vingine upande wa magharibi, ili foleni ianze mbali zaidi.

Zamani, kabla ya ndege, neno rubani kwetu lilikuwa la bahari: ndiye ajuaye mlango wa bandari na miamba iliyofichama, na nahodha hata awe mkubwa vipi, akifika mlangoni humsikiliza yeye. Kule Fisk desturi ni ile ile. Mwenye ndege ya thamani na mwenye ndege aliyoiunda katika banda la nyumbani kwake, wote hunyamaza na kufuata.

Nami katika wote hao humheshimu zaidi yule ambaye, akiona nafasi imembana, hugeuza chombo na kurudi Ripon. Hapigiwi makofi, na huenda chakula cha mchana kikampita. Lakini aliye mbele yake ametua salama, na labda hatajua kamwe ni nani aliyempisha.