Mfuniko wa Chemba Uchaguliwe kwa Uzito Utakaopita Juu Yake

Mvua kubwa zinaponyesha katika Bonde la Kilombero, Mto Lumemo hufurika na maji yake huingia katika makazi ya Mji wa Ifakara, mkoani Morogoro. Maji hayo yanapofunika njia, mpita njia hawezi kuiona chemba ambayo mfuniko wake umevunjika. Kwa sababu hiyo, kuchagua mfuniko wenye uwezo unaostahili ni suala la usalama wa maisha, si la ujenzi peke yake.

Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi kupima mifuniko hiyo ni EN 124 cha Ulaya, chenye madaraja sita. Namba ya daraja huonesha mzigo wa majaribio kwa kilonyutoni, na kila kilonyutoni 10 ni sawa na takriban tani moja. Madaraja hayo ni kama ifuatavyo:

- A15 (tani 1.5): maeneo ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli pekee.
- B125 (tani 12.5): njia za waenda kwa miguu na maegesho ya magari madogo.
- C250 (tani 25): mifereji ya kando ya barabara.
- D400 (tani 40): barabara zinazopitwa na magari ya aina zote, yakiwemo malori.
- E600 na F900: maeneo ya mizigo mizito zaidi, kama vile bandari na viwanja vya ndege.

Chini ya Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa kubeba hadi tani 10. Kila upande wa ekseli hiyo hukandamiza barabara kwa takriban tani tano, zaidi ya mara tatu ya mzigo wa majaribio wa A15. Aidha, gari likiwa katika mwendo, gurudumu hugonga mfuniko kwa nguvu inayozidi uzito huo, tena mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana madaraja ya barabarani yameachiwa nafasi kubwa ya ziada.

Mkazi wa Kata ya Lumemo anayejenga shimo la majitaka anapaswa kujiuliza ni gari gani zito kuliko yote litakaloingia uani mwake. Ua unaopitwa na watu tu kwa miezi mingi huweza kuingiwa na lori la mpunga wakati wa mavuno, au gari la kunyonya majitaka.

Mfuniko imara pekee hautoshi. Fremu yake inapaswa kukaa sawasawa juu ya zege, kwa kuwa mfuniko unaocheza hupasuka mapema. Mfuniko wa chuma uwe na bawaba au kufuli, ili usiibwe na kuuzwa kama chuma chakavu.

Kabla ya kuchimba ndani ya hifadhi ya barabara, mwananchi anatakiwa kupata kibali cha mamlaka husika: TARURA kwa barabara za mijini na vijijini, na TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa. Anayeona chemba iliyo wazi aiwekee alama inayoonekana na kutoa taarifa mapema katika ofisi ya Serikali ya Mtaa, kabla maji hayajaificha.