Shati la mtumba kuwa gauni: angalia haya kabla ya kukata

Kwenye masoko ya mitumba, nguo pana mno mara nyingi huuzwa rahisi kwa sababu huwaenea watu wachache. Lakini ina kitambaa kingi: shati kubwa la mwanaume linatosha gauni la mtoto.

Msikilizaji, ukishakata umekata. Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, ifue: kitambaa cha pamba huweza kurudi kikilowa, gauni likabana. Pili, inyanyue juani. Palipochakaa patapitisha mwanga. Tatu, fumua mishono polepole, usiikate, ili usipoteze kitambaa. Nne, patana na fundi mapema. Bei ya shati ukijumlisha na ujira wake ikizidi gauni jipya, hujaokoa kitu.