Tone la Damu Katika Karatasi

Damu ikishatoka mwilini huanza kuharibika. Katika joto la mchana mjini Mbale, kandokando ya Mto Nabuyonga, damu iliyowekwa chupani bila barafu haikawii kushambuliwa na vijidudu. Maabara kuu ziko Kampala, safari ya kilomita zaidi ya 200 kupitia Iganga na Jinja, na umeme wa kuendesha mafriji si wa kutegemewa kila mahali. Kwa askari wa upelelezi aliyechukua damu mahali pa mauaji, na kwa mama angojeaye kujua kama mtoto wake ana virusi vya Ukimwi, hasara hiyo haifidiki.

Njia mojawapo ya kuiepuka ni karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Buffalo nchini Marekani, alionyesha kwamba matone machache ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga, yakikaushwa katika karatasi ya kuchujia, yaweza kupelekwa kwa posta na kupimwa mbali, ili kutambua mapema ugonjwa unaodumaza akili. Kukausha ndiyo siri yenyewe, kwani vijidudu na vimeng'enya viozeshavyo damu havifanyi kazi pasipo maji.

Hapo ndipo kiwanda kilipohitajika. Chuo chaweza kujua la kupima, lakini hakiwezi kutengeneza maelfu ya karatasi zilizo sawasawa. Kampuni ya Schleicher & Schuell ilitoa karatasi ya pamba tupu, isiyobadilika unene, hata kila kiduara kinachokatwa kikawa na kiasi kile kile cha damu. Pasipo usawa huo kipimo cha leo hakilingani na cha kesho. (Pamba, wazee wa Busoga na Bukedi wanajua, ndiyo iliyowalipia kodi baba zao.) Baadaye, huko Australia, Leigh Burgoyne wa Chuo Kikuu cha Flinders alibuni karatasi iliyotiwa kemikali za kupasua chembe za damu, kuua vijidudu na kulinda DNA. Kampuni ya Whatman ikaitia sokoni, na wachunguzi wa jinai wakaipokea.

Uganda imefaidika na kazi hiyo. Mtoto wa mama mwenye virusi hubeba kingamwili za mama yake hata kufikia miezi 18, hivyo kipimo cha kawaida humdanganya mganga; yapasa kutafuta virusi vyenyewe, na hilo hufanywa katika maabara kubwa. Tangu mwaka 2011 vipimo hivyo vilikusanywa katika maabara kuu ya Wizara ya Afya, Kampala. Waendesha pikipiki huchukua karatasi zilizokauka kutoka zahanati za vijijini hadi hospitali ya kituo, kisha husafirishwa hadi mji mkuu.

Kwa polisi, kosa la kawaida ni mfuko wa plastiki. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa humo hutoa jasho na kuota ukungu, na DNA huharibika kabla ya kufika Maabara ya Serikali ya Uchunguzi, Wandegeya. Nguo hiyo hukaushwa kwanza kivulini, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha hutiwa peke yake katika mfuko wa karatasi. Juu yake huandikwa tarehe, mahali ilipopatikana na jina la kila askari aliyeishika.