Konokono kwenye Ngao

Kwenye nembo za koo na miji ya Ulaya, simba wamejaa tele na tai hawahesabiki. Konokono ni adimu. Ajabu ni kwamba mahali anaposhangiliwa kuliko kote ni kwenye mbio za farasi.

Mji wa Siena, Italia, umegawanyika katika mitaa 17, kila mmoja na nembo yake. Alama ya mtaa wa Chiocciola ni konokono. Kila tarehe 2 Julai na 16 Agosti, farasi 10 huzunguka uwanja wa Piazza del Campo mara tatu, wapandaji wakiwa hawana matandiko, katika mashindano yaitwayo Palio. Watu wa Chiocciola hawaoni haya hata kidogo: kaulimbiu yao hujigamba kwamba konokono hushuka uwanjani kwa mwendo wa pole na wa madaha, kwenda kushinda. Na mahasimu wao wa jadi ni nani? Majirani zao wa Tartuca, wenye alama ya kobe.

Utani huo una mizizi mirefu. Kwenye pambizo za vitabu vya Ulaya vya karne ya 13 na 14, wachoraji waliwaonyesha mashujaa wenye deraya wakipambana na konokono, na mara nyingi anayezidiwa ni shujaa. Mwaka 1962 mtafiti Lilian Randall alitoa hoja kwamba konokono huyo aliwakejeli Walombardi, wakopeshaji fedha waliosemwa kuwa waoga. Si wote walioridhika na hoja hiyo.

Kwa mchoraji wa nembo, hata hivyo, kiumbe huyu ni johari. Nembo hutakiwa kutambulika kwa mbali, kwa umbo la nje tu, na ganda lililojiviringa pamoja na pembe zilizosimama havifanani na mnyama mwingine yeyote.

Wengine walichukua ganda peke yake. Ngao ya ukoo wa Shelley wa Uingereza, alikotoka mshairi Percy Bysshe Shelley, ni nyeusi yenye makome matatu ya dhahabu: fumbo la jina, kwani kwa Kiingereza ganda hutamkwa karibu sawa na mwanzo wa jina hilo. Dhahabu juu ya nyeusi pia hutii kanuni kuu ya fani, kwamba rangi haikai juu ya rangi, wala madini, yaani dhahabu na fedha, juu ya madini.

Visiwa vya Bahamas vimeliweka ganda la konokono wa baharini kileleni mwa nembo yao, juu ya kofia ya chuma. Turks na Caicos wamelichora ndani ya ngao, karibu na kamba-mawe. Huko si mzaha wala fumbo: nyama ya konokono huyo ni kitoweo, na wavuvi huishi kwayo.