Kabla ya Kulipia Mashine, Uliza Karatasi

Shule zinafunguliwa Januari, fedha ya kamati ni kidogo, na darasani kuna mtoto asiyeona, wawili wenye uoni hafifu na mmoja asiyesikia vizuri. Kila muuzaji atakwambia kifaa chake ndicho cha lazima. Tuanze na kile kinachokula hela nyingi kuliko vyote: vifaa vya nukta nundu.

Kuna kibao chenye matundu pamoja na kalamu yake ya kutoboa, na kuna mashine ya vitufe sita. Kibao cha plastiki ni cha dola chache, cha chuma kinazidi kidogo. Kinaingia kwenye mkoba wa madaftari na hakina cha kuharibika zaidi ya ncha ya kalamu. Mashine mpya ni mamia ya dola, hapo hujalipia usafiri, na ina uzito wa karibu kilo 5. Mtoto wa miaka minane hataibeba kwenda nayo nyumbani.

Tofauti hiyo ya bei ina sababu. Kila herufi ya nukta nundu ina nafasi sita za nukta. Kwa kibao, mtoto anatoboa nukta mojamoja, tena kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu karatasi itageuzwa ndipo isomeke. Akitaka kuhakiki alichoandika, sharti aitoe. Kwa mashine, nukta zote za herufi hubonyezwa kwa mpigo mmoja na kupapaswa papo hapo. Imla inamwacha nyuma mtoto wa kibao, na hesabu za kugawanya zinamtoa machozi.

Kama watoto ni wawili na hela inatosha mashine moja, nunua hiyo moja wapokezane, ipewe kipaumbele kwenye hesabu, na kila mmoja awe na kibao chake. Usinunue mashine mbili ukabaki huna kitu. Nimeshaona mashine mbili zimefunikwa kanga ofisini kwa mwalimu mkuu: moja kitufe kimenasa, nyingine nzima kabisa ila karatasi ziliisha tangu Machi.

Karatasi ndiyo gharama ambayo ankara ya mashine haiionyeshi. Ile ya kawaida ya kuchapia, ya gramu 80, nukta zake hulala baada ya kupapaswa mara chache. Inatakiwa nzito, gramu 140 kwenda juu. Mtoto akitumia karatasi 5 kwa siku, katika siku 190 za masomo anamaliza 950, yaani karibu rimu mbili. Huyo ni mtoto mmoja, kwa mwaka mmoja. Manila ya dukani ikikatwa vizuri inaweza kufaa, lakini jaribu kipande kimoja kwenye mashine kabla hujanunua boksi zima.

Mashine ya mtumba si vibaya, kwa kuwa iliyotunzwa hudumu miongo. Nenda na karatasi yako. Bonyeza vitufe sita kwa pamoja mstari mzima, kisha pitisha kidole: nukta iliyo fupi kuliko wenzake ina tatizo. Sikiliza kama kengele ya mwisho wa mstari inalia. Muulize muuzaji ni fundi gani aliifungua mara ya mwisho, maana fundi wa cherehani hataiweza na vipuri vyake hutoka nje.

Ukiagiza nje, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Msamaha huo hauji wenyewe. Shughulikia barua zake kabla mzigo haujafika, la sivyo gharama za ghala zitakuwa zinahesabiwa siku kwa siku huku wewe ukitafuta mhuri. Ada ya wakala wa forodha utalipa vyovyote vile.

Halafu kuna simu, na hapa wengi hudhani wamepata mkato. Ni kweli simu janja nyingi huja na kisoma skrini ndani yake, bure, na sauti ya Kiswahili inapakuliwa kwa bando dogo mara moja tu. Kwenye kompyuta pia ipo programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia. Anayekuuzia leseni ya mamia ya dola kwa shule ya msingi, mshukuru na uondoke. Ila simu yenye memori ndogo hukwama kisoma skrini kikiwashwa, na notisi zilizopigwa picha mara nyingi hazisomeki, omba zilizochapwa. Zaidi ya hayo, anayesikiliza tu hajifunzi tahajia, na mtihani wa taifa wa asiyeona huja kwa nukta nundu. Shule nyingi pia hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo ongea na mwalimu mkuu kwanza. Kwa mtoto wa darasa la pili, simu isubiri.

Kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, tumia kidogo kabisa. Kukuza A4 kuwa A3 kwenye fotokopi kunaongeza maandishi hadi asilimia 141 tu: herufi ya saizi 12 inakuwa 17 hivi, na karatasi yenyewe inamwagika nje ya dawati. Ni rahisi zaidi kumwomba mwalimu achape kwa saizi 18 tangu mwanzo, kwenye A4. Ongeza kioo cha kukuzia chenye mguu, kinachosimama juu ya kitabu. Kile cha kushika mkononi huchosha na hutikisika. Kiti cha mbele, mgongo kwa dirisha, na kofia ya ukingo mpana havizidi bei ya chakula cha mchana cha wajumbe wa kamati.

Kifaa cha kusaidia kusikia, yaani shimesikio, usikinunue kwa kuona. Hurekebishwa kulingana na kipimo cha sikio la mwenyewe, hivyo cha kupewa na mjomba kinaweza kuwa kelele tupu. Betri ndogo hukaa wiki moja hadi mbili. Kwa masikio mawili na wiki 40 za shule, tenga betri 40 hadi 80. Ukishabandua kibandiko, betri imeanza kuisha hata isipotumika, kwa hiyo usimwachie mtoto achezee pakiti. Kile kipande cha kuziba sikio nacho hubadilishwa mtoto anapokua; kikianza kupiga mluzi, hakimkai tena. Cha kuchaji kinaokoa betri kama umeme wenu hauna tabia ya kukatika usiku.

Shule ikifunguliwa wiki ijayo, leo nunua vibao na karatasi nzito, kesho chapa notisi kwa saizi 18, na weka miadi ya kupima sikio hospitali ya mkoa. Mashine iombeni bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji wawili, na kila mmoja aandike mambo matatu: waranti ni ya muda gani, fundi yuko mji upi, na rimu ya karatasi anaiuza shilingi ngapi.