Bomba la Moshi la Motokaa

Shika karatasi yako, usome nami neno la leo: ku-tu. Kutu.

Kutu hula bomba la moshi la motokaa, lile ambalo mafundi huliita ekzosi. Wengi hudhani ni mvua tu inayoleta kutu hiyo. Sivyo. Petroli ikiungua hutoa maji pia: lita 1 ya petroli hutoa karibu lita 1 ya maji, kwa namna ya mvuke. Ukienda mwendo mfupi, tuseme Kirumba mpaka Pasiansi, bomba halipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji, maji hulala ndani, na kutu huanza mahali usipopaona.

Hasara si fedha tu. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Bomba likitoboka chini ya viti, hewa hiyo yaweza kuingia ndani na kuua. Ukiumwa kichwa na kuona kizunguzungu garini, zima injini, utoke nje.

Mwaka 1913 Mwingereza Harry Brearley, wa mji wa Sheffield, alichanganya chuma na kromi. Kromi hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma. Ikikwaruzwa, hujifunga tena. Ndiyo maana meza za viwanda vya samaki hapa Mwanza hazishiki kutu. Wenye magari ya zamani ya mbio, kama Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, hupenda bomba la chuma hicho, ingawa bei yake ni kali.

Wewe anza na bomba ulilo nalo. Injini ikiwa baridi, ligonge kwa mpini wa bisibisi. Likilia ngo! ni zima. Likitoa sauti nzito, limeliwa ndani, mwite fundi.